Siku Fundi Tarsis Alipolala Mbele ya Gari la Mtani Wake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Mwenye chai aendelee kunywa, mwenye kufua aendelee kufua, masikio tu ndiyo tunayaazima. Leo tunamkumbuka fundi Tarsis Kapela, fundi magari wa Gerezani, pale ubavuni mwa Kariakoo. Mzee Tarsis ametutoka juma lililopita. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na hilo alilisema kabla hujamuuliza.

Alikuja Dar es Salaam akiwa kijana, akabeba mizigo bandarini, kisha akajifunza ufundi chini ya magari ya watu. Mjane wake, Mama Evarista, ananiambia alimkubali kwa sababu moja. "Alikuwa anakwenda kunawa oili kwanza, ndipo anarudi kukusalimia," anasema. "Mafundi wengine walikupa kiwiko ushike."

Sasa, fundi Tarsis alikuwa na mtani. Mtani huyo ni Mzee Shomari Mrisho, Mzaramo, muuza nazi katika soko la Kariakoo. Nanyi mnajua Mzaramo na Mnyamwezi wanavyoishi. Ni kuchokozana asubuhi hadi jioni, na mwenye kununa ndiye mkosaji. Hawa wawili hawakuitana majina. Tarsis alimwita Shomari "mtumwa wangu", na Shomari akamwita Tarsis "mtumwa wangu". Ukipita pale gereji ulidhani wanagombana.

Mwezi mmoja Tarsis alikimbilia kwa kinyozi, alipokuwa ameketi Shomari, akamwapia kwa Mungu kwamba bwana afya anawakamata kuku wote wa Shomari. Shomari alitoka mbio Mtaa mzima wa Msimbazi, ndevu upande mmoja. Kuku walikuwa wanadonoa tu uani. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Lakini wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbua usaha.

Tuko katikati ya miaka ya sabini, wasikilizaji wapendwa. Wakubwa mnaikumbuka. Petroli ilikuwa ya kubana, na Jumapili ikifika saa nane mchana gari la mtu binafsi halitakiwi barabarani. Vipuri ndiyo usiseme. Shomari alikuwa na gari kuukuu la Kiingereza, rangi ya maziwa, na gari hilo lilivuja oili. Kila lilipoegeshwa liliacha doa chini.

Jumamosi moja akalipeleka kwa Tarsis. Kesho yake alikuwa na safari ya Kisarawe. Binti yake Tatu alikuwa mwali, amemaliza kukaa ndani, na Jumapili hiyo ndiyo ya kumtoa. Ngoma zilikwisha pangwa. Ndani ya gari wangepanda mkewe Sitara, mama mzazi wa Shomari, na mwali mwenyewe. Shomari alitaka kitu kimoja tu: fundi azibe uvujaji.

Tarsis akaingia chini. Akaona sili ya nyuma ya giaboksi, ile pete inayozuia oili isitoke, imekwisha, na hilo ni dogo. Kisha akaishika propela, ule mhimili mrefu wa chuma unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Akautikisa. Ukacheza. Krosi ya mbele, ile jointi inayoushikilia pale kwenye giaboksi, ilikuwa imelika. Kucheza huko ndiko kulikoila sili. Na krosi hiyo ikikatika gari likiwa linakwenda, mhimili unaanguka mbele, unachoma barabara, na gari linapinduka.

Akatoka chini, akamwambia Shomari asiende na gari hilo. Shomari akacheka. Akasema Mnyamwezi anaogopa kilima cha Pugu, njia ya Kisarawe, kwa sababu kwao ni tambarare. Tarsis akaapa. Shomari akacheka zaidi, maana kiapo cha namna hiyo kilikwisha kumkimbiza na ndevu upande mmoja. Akawasha gari, akaenda zake.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo fundi Tarsis alipoingiwa na hofu ya kweli. Alikuwa na ukweli mkononi na hapakuwa na wa kumwamini. Mama Evarista anasema siku hiyo hakula. Alizunguka uani akijilaumu kwa wale kuku.

Jumapili asubuhi Tarsis alitoka misa ya kwanza, shati jeupe, suruali iliyopigwa pasi. Akafika nyumbani kwa Shomari, gari linanguruma, kina mama wanapiga vigelegele. Akalala chali barabarani, mbele ya magurudumu.

Watu wakafurahi kweli. Mtani amekuja kudai haki yake. Mnajua desturi: mtani hulala hata kaburini, na haamki mpaka apewe kitu. Tarsis akiwa chini vilevile akamwamkia mama yake Shomari, "Shikamoo mama," na bibi akaitikia marahaba kutoka dirishani. Sitara akamrushia sarafu. Tarsis hakuiokota. Bibi akafungua pindo la khanga, akatoa na yake. Hakuigusa. Shomari akashuka na noti, akaiweka juu ya shati jeupe. Tarsis akaishika ile noti, akamrudishia.

Tatu, aliyekuwa mwali siku ile, leo ni bibi mwenye wajukuu. Yeye alikuwa kiti cha nyuma, amefunikwa, haruhusiwi kuinua macho. "Nilijua kuna jambo kwa sababu baba alinyamaza," ananiambia. "Baba yangu hakuwa mtu wa kunyamaza. Na mtani anayekataa kitu, huyo hatanii tena."

Ndipo Tarsis akasema, na wote waliokuwapo wanayakumbuka maneno yale: "Shomari, leo nakuita jina lako. Zima gari, uingie chini uone mwenyewe."

Shomari akazima gari. Akaingia chini na kanzu yake ya sherehe. Tarsis akauweka mkono wa mwenzake juu ya krosi, akamwambia azungushe. Ukamwagika unga mwekundu wa kutu, kisha kikombe kimoja cha ile krosi kikamtokea Shomari mkononi. Alipotoka akawaambia wanawake washuke.

Ngoma ya Tatu ilisogezwa Jumapili iliyofuata, na ndugu wa Kisarawe walilalamika sana. Juma hilo Tarsis alifungua propela, akiwa amepiga alama kwa tindo ili irudi ilivyokuwa. Krosi aliitoa kwenye gari bovu lililolala Gerezani. Sili haikupatikana dukani popote, basi akaikata ya ngozi ya ng'ombe kwa mshona viatu, akailoweka katika mafuta ya moto mpaka ikalainika. Wakapanda Pugu wote wanne, wakarudi salama. Shomari alipopita gereji baada ya safari, alichosema ni kwamba ngozi ya Kinyamwezi inanuka. Wakaendelea na utani wao miaka yote hiyo, mpaka juzi.

Siku ya maziko Mzee Shomari alikuja na fimbo yake, akamsema marehemu mpaka waombolezaji wakacheka wakilia. Ndiyo kazi ya mtani. Lakini baadaye alinivuta pembeni, akanishika mkono.

"Mwanangu," akaniambia, "sikuwahi kumshukuru. Ningemshukuru angenicheka mwaka mzima. Na mimi nilikuwa na mama yangu, mke wangu na mwanangu mle garini. Wewe una redio. Nisemee kwake."

Mama Evarista, watoto, wajukuu na mafundi wote wa Gerezani, poleni sana. Mungu amlaze pema. Na wewe unayenisikiliza, fikiri leo ni nani aliyekuzuia njiani ukamwona anakusumbua. Kama yu hai, nenda ukamshukuru kwa kinywa chako mwenyewe.

Fundi Tarsis Kapela, nimetumwa na Shomari. Anasema asante.