Pilipili ya Gregorio

Wasikilizaji wapendwa, tumemzika Gregorio Tainatongo. Ndiye yule dereva wa basi la shule hapa kijijini Humåtak, kwa miaka ishirini na sita, hakuchelewa hata siku moja. Lytiko imemchukua, ugonjwa uleule uliokausha misuli ya babu zetu.

Lakini leo nitawasimulia habari za pilipili yake.

Miguu ililegea kwanza. Kisha mkojo ukaanza kumkimbiza. Ukimbana hausubiri, na yeye kufika mlangoni ni dakika tano. Siku ya rozari kwa jirani, akalowa mbele ya watu. Hakuna aliyecheka. Yeye aliona wote wanacheka.

Hapo shaka ikamwingia. Kwetu hukojoi msituni bila kuwaomba ruhusa wahenga. Gregorio akakumbuka siku aliyosimamisha basi, akajisaidia chini ya mti wa nunu, makao ya wahenga, bila kuomba.

"Wamenishika kibofu," alimwambia mkewe, Rosalia.

Akapelekwa kwenye mti, akaomba radhi. Wiki ile hakulowa tena.

"Umeona?"

Rosalia aliona midomo iliyopasuka. Aliona mkojo rangi ya chai. Aliona kiangazi kimeunguza ua mzima, isipokuwa pilipili iliyo kando ya kiti cha mumewe.

"Goro, nani anainywesha hii?"

"Mvua."

"Mvua ya wapi, wewe? Ya Saipan, ng'ambo ya bahari?"

Kila kikombe cha maji alichopewa, alikimwaga pale, asije akalowa tena.

Homa ikampiga, akalazwa. Nesi hakumung'unya maneno: ukikinyima kibofu maji, mkojo unakuwa mkali na kinazidi kukubana. Kunywa. Weka chupa ya kukojolea kando ya kiti. Kojoa kila saa mbili, usingoje kubanwa.

Gregorio alirudi nyumbani hamwamini mtu.

"Umetia nini humu?"

"Maji."

"Onja wewe kwanza."

Rosalia akaonja. Kila kikombe, wasikilizaji, mwaka mmoja na nusu.

Mikono ilipokufa, Rosalia alimshikia chupa. Na kila mara Gregorio alinong'ona, "Wazee, naomba ruhusa."

"Umepewa, Goro. Fanya upesi, wali unaungua."

Poleni, Rosalia na watoto. Poleni, Humåtak. Nawe unayesikiliza, nyumbani kwako yupo anayekataa maji? Usimcheke. Muulize anaogopa nini.

Ile pilipili ilinyauka mwezi uleule aliotoka hospitali. Rosalia ameniambia hajawahi kufurahi hivyo kuona mmea ukifa.