Kobe na Kona Ndefu: Miaka Ishirini na Mitatu ya Dereva Wetu

Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, saa nane mchana, dereva mwandamizi wa timu yetu atakabidhi kofia yake ngumu na kustaafu rasmi, baada ya utumishi wa miaka ishirini na mitatu na miezi minne. Sherehe itafanyika katika karakana namba mbili, na wote mnakaribishwa. Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike wasifu mchangamfu usiozidi kurasa mbili. Kwenye kurasa nimejitahidi. Kwenye uchangamfu nitafika nitakapofika.

Wengi wenu mnamjua kwa jina la Kobe, na wengine mmefanya naye kazi miaka kumi bila kujua kwamba ana jina jingine. Mimi ni mtunza takwimu wa timu. Kazi yangu ni kukaa mbele ya skrini, kusikiliza redio ya dereva na kuchapa grafu za kila mzunguko. Kobe ndiye aliyenibatiza Mama Karatasi, na jina hilo sasa limeandikwa mpaka kwenye kitambulisho changu cha getini.

Hakuajiriwa kama dereva wa mbio. Aliajiriwa kuendesha lori la vipuri. Katika mwaka wake wa pili dereva mmoja alishikwa na tumbo asubuhi ya mazoezi, na bosi, aliyehitaji mtu yeyote wa kulizungusha gari ili mafundi wapime breki, akamwambia dereva wa lori avae ovaroli na aende polepole. Kwa macho ya waliokuwepo alikwenda polepole kweli. Saa ya kupimia muda ilisema ni wa pili kwa kasi katika timu nzima, na bosi akaigonga ile saa mara mbili akidhani imekwama.

Kwa wageni wetu wa Ijumaa: mbio zetu ni za masafa marefu, saa sita, saa kumi na mbili, hata ishirini na nne. Magari ni ya GT, yenye paa na milango miwili kama ya barabarani, ila haya hayana huruma. Gari moja huendeshwa kwa zamu na madereva wawili au watatu. Anayetoka humsaidia anayeingia kufunga mikanda, na katika zile sekunde chache humpa habari za njia: breki zikoje, oili imemwagika wapi, kona ipi imebadilika. Hakuna anayewafundisha kufanya hivyo. Ni adabu ya kazi.

Kobe alikuwa hodari wa kulirudisha gari likiwa zima. Tairi ambazo wengine walizimaliza kwa saa moja yeye alizirudisha zikiwa bado na nyama, na fundi wa tairi, aliyezoea kupokea vipande vipande, ndiye aliyempa jina la Kobe. Alishinda mbio kumi na tisa katika daraja letu, mbili kati ya hizo zikiwa za saa ishirini na nne. Katika miaka ishirini ya kwanza gari lake halikuvutwa hata mara moja kwa kosa lake. Nimezipekua rekodi zote, maana mhariri alidhani natia chumvi.

Vituko navyo havikukosekana. Alikataa kunywa maji akiwa kwenye gari, akataka chupa yake ijazwe chai ya rangi yenye sukari nyingi. Katika mbio moja za saa kumi na mbili mrija ulichomoka ukammwagia chai yote ndani ya kofia, naye akamaliza zamu ya saa mbili akilamba masharubu. Wiki iliyofuata sisimizi walikuwa wamehamia ndani ya ile kofia, ukoo mzima. Na mkewe atawaambia kwamba barabarani mzee huyu anatia aibu: husimama taa ikianza kuwaza tu kubadilika, na wanawe walikuwa wakimwomba mama yao ndiye awapeleke shule ili wasichelewe.

Dereva mwenza wake kwa miaka tisa tulimwita Shemeji, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Kobe alimleta kwenye timu, akamkaribisha nyumbani kwa chakula cha mchana, na kabla ya mwaka kwisha mgeni alikuwa amemchumbia mdogo wake wa kike. Kobe alilalamika kwamba ameibiwa dada na kiti kwa mpigo mmoja. Walikuwa wakitaniana kwenye redio mpaka nikalazimika kuwakumbusha kwamba wasimamizi wa mashindano nao wanasikiliza. Sijawahi kuona watu wawili wakiaminiana vile ndani ya gari moja.

Miaka mitatu iliyopita, katika mbio za saa sita, mvua ilinyesha asubuhi na jua likatoka saa sita mchana. Kobe alikuwa mwishoni mwa zamu yake. Uwanja ule una kona moja ya kushoto baada ya njia iliyonyooka, tunaiita Kona Ndefu, ambayo ikiwa kavu gari hupita mguu wa kulia ukiwa umekandamiza kanyagio la mafuta hadi chini. Njia ilikuwa inakauka, tairi zake zilikuwa zimepata moto, na katika mizunguko minne ya mwisho alipita hapo bila kuinua mguu. Akaingia kituoni kubadilishana zamu, akatoka kwenye gari, akainama kumfunga Shemeji mikanda na kumpa habari za njia kama kawaida yao.

"Ile ndefu imeshakauka," alimwambia. "Pita tu, usiinue mguu."

Shemeji aliinua kidole gumba, akaondoka. Alichosahau Kobe ni kwamba mafundi walikuwa wamefunga tairi mpya, na tairi mpya ikiwa baridi huteleza kama sabuni mpaka izunguke mara mbili tatu. Kona ilikuwa imekauka kwa tairi za Kobe. Kwa tairi za mwenzake ilikuwa bado haijakauka. Shemeji alipita pale mzunguko wa kwanza kabisa bila kuinua mguu, kama alivyoambiwa na mtu aliyemwamini kuliko wote, na gari likaenda ukutani. Alifariki njiani kuelekea hospitali, na kuacha mke na watoto wawili.

Ripoti ya uchunguzi ilikuwa na kurasa kumi na moja. Ilitaja njia yenye unyevu na tairi baridi, ikasema hakuna mtu wa kulaumiwa. Kobe aliisoma mara moja, akairudisha mezani kwa bosi, na baada ya wiki sita akarudi kwenye gari.

Grafu ndizo zilizomsema. Huwa nazipanga za madereva wote juu ya ukurasa mmoja, mstari juu ya mstari, na mstari wa kanyagio la mafuta wa kila dereva kwenye kona ya kasi hunyooka kama rula. Wa Kobe ulikuwa na kibonde. Alikuwa anainua mguu, kidogo sana, kwenye kila kona inayofanana na ile, katika kila uwanja. Niliificha ile karatasi kwa msimu mzima. Bosi akiuliza muda unapotelea wapi, nilisema ni tairi, kisha nikasema ni upepo. Sikuwahi kuwa mwongo mzuri, na bosi si mtoto.

Februari mwaka huu bosi alimwita Kobe ofisini, nami nikiwepo, akamweka wazi. Angepewa asubuhi moja, uwanja mkavu, tairi zilizopata moto, mizunguko kumi. Akipita Kona Ndefu mara tatu tu bila kuinua mguu, anapata mkataba wa mwaka mwingine. Asipoweza, basi. Kobe alisema mara tatu ni chache, kwamba atapita zote kumi. Kuendesha ndiyo kazi pekee aliyokuwa anaijua, na wote watatu mle ofisini tulijua hivyo.

Alifika uwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Aliitembea ile kona kwa miguu, akakaa ukingoni kwa muda mrefu, akarudi akavaa. Mizunguko kumi. Aliporudi alivua kofia akiwa anacheka, na sikumbuki mara ya mwisho kumwona akicheka kabla ya hapo. Alimkumbatia fundi wa tairi, akampigia mkewe simu akamwambia mambo yamekaa sawa, kisha akaja kwenye meza yangu akiwa bado na jasho.

"Mama Karatasi, safari hii sikuinua mguu hata mara moja," aliniambia.

Hakuwa anadanganya. Aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi yenye vibonde kumi. Nilimpa. Akaitazama, akauliza kwa upole kama kifaa cha kupimia kinaweza kukosea. Nikakibadilisha mwenyewe, nikafunga kipya kutoka kwenye boksi, akarudi uwanjani mizunguko mingine mitano. Vibonde vilikuwa vitano, na virefu kuliko vya kwanza. Aliweka kiganja juu ya paja lake la kulia akalitazama kama mtu anavyomtazama abiria asiyemjua aliyekaa karibu yake. Kisha akaniomba simu yangu, kwa kuwa yake ilikuwa imeisha chaji, akampigia mkewe tena.

Taarifa iliyotolewa kwa waandishi wa habari ilisema anastaafu kwa sababu ya mgongo. Wiki mbili zilizopita alinitembelea kazini akanikataza nisirudie hilo. "Usiandike mgongo," alisema. "Mgongo wangu mzima. Andika ilivyokuwa. Dada yangu nimeshamwambia."

Alikuwa amekwenda mwenyewe nyumbani kwa dada yake, baada ya miaka mitatu ya kutafuta visingizio vya kutokwenda. Alimkuta akikunja nguo za shule za watoto, akakaa akamweleza maneno yale yote, neno kwa neno. Dada mtu aliendelea kukunja mpaka nguo zikaisha. Kisha akauliza kitu kimoja tu: "Alikujibu nini?" Kobe akamwambia kwamba aliinua kidole gumba. Hapo dada alilia, na Kobe akaondoka asijue kama amesamehewa, wala kama anaruhusiwa kurudi. Mpaka leo hajui.

Tulimpa kazi ya kufundisha madereva wapya. Mshahara mzuri, safari chache. Alikataa. Alisema hawezi tena kumwambia mtu yeyote kona ikoje. Mkewe ananiambia kwamba gari la nyumbani amelifunika turubai tangu Machi, kwamba anakwenda sokoni kwa basi, na kwamba asubuhi huamka saa kumi na moja kama zamani, huvaa viatu, kisha hukaa. Ningependa kuwaambia kwamba haya yatapita. Nimefanya naye kazi miaka kumi na saba na sijui kama yatapita.

Mhariri ana ruhusa ya kukata aya zinazofuata. Sherehe ni Ijumaa, na atakayeusoma wasifu huu kwa sauti mbele yenu ni mimi.

Kobe alipomweleza dada yake, alieleza sehemu yake tu. Kuna sehemu aliyoiacha makusudi, na hajawahi kuitaja kwa bosi, kwa wachunguzi, wala kwa mkewe. Wakati anasema maneno yale, kipaza sauti cha Shemeji kilikuwa tayari kimewashwa. Niliyasikia yote masikioni mwangu. Joto la tairi mpya lilikuwa kwenye skrini yangu: nyuzi arobaini na mbili, wakati tairi zile huanza kushika njia zikifika themanini. Kitufe cha redio kilikuwa chini ya kidole changu. Yalihitajika maneno mawili, "tairi baridi", na kulikuwa na zaidi ya dakika nzima ya kuyasema. Nilijiambia kwamba Shemeji ni dereva mkubwa, anajua, nisimkere. Nikanyamaza, nikaenda kujimiminia maji.

Kobe alijua kwamba nilisikia, kwa sababu taa ya kile kipaza sauti ilikuwa inawaka mbele ya macho yake. Miaka mitatu hakuniuliza. Alibeba lawama peke yake, hata akamnunulia mwanangu zawadi ya kumaliza shule, na mimi nikaendelea kuchapa karatasi za mguu wake hadi zikamtoa kazini. Hii ndiyo timu mnayoipongeza Ijumaa.

Kobe, kwa niaba ya karakana zote mbili, asante kwa miaka ishirini na mitatu, kwa tairi ulizoturudishia, na kwa kila gari ulilomwachia mwenzako likiwa zima. Tunakutakia heri na afya njema katika maisha unayoyaanza Jumamosi, hata kama hakuna kati yetu anayejua yataanzia wapi. Na wewe dada, najua umealikwa na sijui kama utakuja. Ukija, mimi ndiye nitakayekuwa nimesimama mbele na karatasi. Likibaki swali lolote kuhusu siku ile, usimuulize kaka yako tena. Niulize mimi.