Samaki Wanaomjua Kila Mtu

Benchi lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, limeegemezwa ukutani kwa kinyozi, chini ya dirisha ambalo kioo chake kilivunjika zamani na hadi leo hakuna aliyekubali kosa. Ukikaa hapo unapata kila kitu bila kuinuka: kahawa ya Shangazi mkono wa kushoto, barabara nzima mbele yako, na ukigeuza shingo kidogo, tangi la samaki la kinyozi, ndani tu ya dirisha, wazi kwa juu, karibu kiasi cha kutumbukiza kiwiko. Waliokalia ubao ule walikuwa wameshamaliza vita kadhaa za mataifa, wamepanga upya baraza la mawaziri, na kuokoa ndoa mbili ambazo zilivunjika mara tu baada ya kuokolewa. Lakini asubuhi hiyo hata kahawa ilinywewa kwa sauti ya chini. Maji ya tangi yalikuwa ya kijani kama mboga iliyosahauliwa jikoni, na mwenye mamlaka ya kuyamwaga alikuwa njiani.

Kinyozi alisimama mlangoni, barua ya idara ya afya imekunjwa mfukoni mwa koti lake jeupe. Alikuwa ameshaisoma hadi mikunjo imeanza kuachia.

— Hebu rudia pale pa viumbe, alisema Katibu.

Katibu alikuwa karani wa halmashauri. Yeye alistaafu, ila halmashauri ilikataa kumtoka.

— "Chombo chenye maji yaliyotuama na viumbe visivyotambulika," Kinyozi alisema kwa kichwa, bila kuitoa barua. "Afisa atafika leo. Maji yakikutwa na uchafu yatamwagwa papo hapo."

— Visivyotambulika! Breki aliruka. Samaki hawa? Wananitambua mimi kuliko mke wangu! Nikipaki teksi tu, hao, mbio kwenye kioo. Wananijua sura.

Dereva huyu aliitwa Breki kwa sababu mdomo wake haukuwa nazo.

— Sura yako? Shangazi alicheka akipuliza mkaa. Hao wanampenda mtu mpole. Mimi nikiinamia pale dirishani wanakuja kama wajukuu.

Kinyozi hakucheka. Samaki walikuwa wawili, rangi ya chungwa, wamefungwa mistari myeupe kama watu waliotoka hospitali. Kando yao palikuwa na tumbawe ambalo binti yake alilianza likiwa kipande cha ukubwa wa kifungo cha shati. Sasa lilikuwa ngumi. Binti alikuwa shule ya bweni. Akipiga simu, huuliza kwanza samaki, halafu tumbawe, halafu, muda ukiruhusu, baba. Kesho shule inafungwa. Hilo ndilo lililomkaa Kinyozi kooni, wala si barua. Maji yale ni ya bahari, hutengenezwa kwa chumvi yake maalumu na kuachwa yakomae. Yakimwagwa leo, hakuna ndoo ya maji ya bomba itakayowafikisha samaki wale kesho. Na tumbawe lilikuwa limeshaanza kujifunga, vidole vyote ndani, kama mtu aliyesusa.

— Mimi nawalisha mara moja tu, alisema Kinyozi. Asubuhi. Kinachoshikika kati ya kidole na kidole, kama alivyoniagiza. Sijazidisha hata siku moja. Sasa uchafu unatoka wapi?

Hapo benchi likapata uhai.

— Ni taa ile mpya ya barabarani, alisema Breki. Inawamulika usiku kucha. Maji hayalali. Maji yasipolala yanaoza.

— Taa ina kibali, alisema Katibu. Kitu chenye kibali hakiozeshi. Angalieni rangi ya jengo la pale mbele. Imepakwa kijani mwezi uliopita. Upepo unaleta.

— Upepo unaleta rangi?

— Kidogokidogo. Kiserikali.

— Basi tuseme ukweli, Breki alishusha sauti, jambo ambalo lilimfanya asikike hadi ng'ambo. Kinyozi wa kule kona. Tangu huyu alete samaki, watoto wote wananyolewa hapa. Yule anakuja hapa alfajiri na chupa.

— Chupa ya nini?

— Ya kijani!

Kinyozi alishika fremu ya mlango. Alitaka kuwaambia wanyamaze, lakini watu hawa ndio waliokuja kukaa naye tangu mapambazuko, na upweke wa kumngoja afisa ni kitu kibaya. Akaangalia barabara. Aliyetokea hakuwa afisa. Alikuwa Presha, fundi bomba, amekumbatia mtambo kifuani kama mtoto aliyetoka kuzaliwa.

Mtambo huo binti ndiye aliyeueleza kwa simu, naye Presha akaujenga. Lilikuwa bomba nene la plastiki angavu, limesimama wima, limefungwa kifuniko juu na chini. Ndani, chini sponji, juu sponji, katikati chembechembe za rangi ya kutu zilizoletwa kwa posta. Pampu ndogo inasukuma maji ya tangi kuingia kwa chini; yanapanda taratibu, chembe zinacheza, zinanasa ule uchafu unaounenepesha mwani, ule ukijani wenyewe, na maji yanatokea juu yakiwa matupu, hayana chakula. Mwani ukikosa chakula unakufa. Ndivyo alivyosema binti. Alisema pia kwamba kazi hiyo huchukua siku, si dakika, lakini Katibu alikuwa na jibu.

— Afisa hahitaji maji safi, alisema. Anahitaji kuona hatua zimechukuliwa. Sijawahi kuona, katika utumishi wangu wote, mradi uliokwisha kuanza ukafungwa. Usioanza, ndiyo. Uliokwisha, ndiyo. Ulioanza, haufungwi. Washeni kitu hicho kabla hajafika.

— Kwanza tukipime, alisema Kinyozi. Kwa maji matamu, kwenye ndoo. Na chembe zioshwe hadi zitoe maji meupe, la sivyo vumbi lake litawafunga samaki pumzi. Amesisitiza hilo.

— Maji gani? aliuliza Breki. Bomba la mtaa limekauka tangu jana. Kuna mjinga kafunga koki kuu akaondoka.

— Natengeneza bomba, alisema Presha. Si mjinga.

Wote wakamtazama Shangazi. Shangazi akautazama mtungi wake wa maji ya kahawa, wa mwisho.

— Mtakunywa nini?

— Shangazi, alisema Kinyozi.

Shangazi akausogeza mtungi kwa mguu.

Waliusimamisha mtambo ndani ya ndoo, pale sakafuni kwa kinyozi, chini ya kabati lenye tangi. Pampu ikaguna. Maji yakapanda. Chembe zikatikisika, zikainuka, zikaanza kuzunguka polepole, na kwenye bomba la kutokea yakatiririka maji mekundu kama ya matofali. Wakayamwaga mtaroni, wakaongeza mengine. Mekundu. Wakaongeza. Ya chungwa. Mtungi wa Shangazi ukawa unapungua huku yeye akiuangalia kama anayesindikiza ndugu. Hatimaye yakatoka meupe.

— Yanavuja, alisema Katibu.

Kweli: tone moja lilikuwa likikua kwenye kifuniko cha juu. Presha akafungua, akazungushia utepe mweupe wa kuzibia nyuzi, akakaza. Tone likarudi. Akaongeza utepe, akakaza hadi mishipa ya shingo ikatoka. Wakangoja. Kifuniko kikabaki kikavu.

— Sasa kwenye tangi, alisema Kinyozi. Mdomo wake ulikuwa mkavu kuliko kifuniko.

Wakahamisha pampu. Maji ya kijani yakaanza kupanda katikati ya kutu. Chembe zikacheza kwa unyonge, kama wageni wa arusi ambao bado hawajala.

— Hii ni presha gani? alisema Presha kwa dharau. Hata kikombe haijazi. Afisa akikuta hivi atadhani pambo.

— Iache. Amesema zicheze, zisichemke.

— Kinyozi, mimi na wewe nani fundi bomba?

Akazungusha koki ya mtambo hadi mwisho.

Chembe ziliruka zote kwa pamoja, zikapanda kama nyuki, zikajibandika kwenye sponji ya juu na kuiziba. Maji yakakosa pa kutokea. Kinyozi aliona bomba likivimba kidogo ubavuni, akajua, na kabla hajasema neno kifuniko kikaruka na kugonga dari. Maji ya bahari yakafuata. Yakalowesha kioo, kiti cha kunyolea, miwani ya Katibu, kisha yakaanza kutambaa sakafuni kuelekea kwenye soketi ya waya mrefu wa umeme.

— Zima! Zima!

— Swichi iko wapi?

— Nyuma ya maji!

— Usikanyage, Breki, utakufa! Shangazi alipiga kelele.

Breki, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alisimama. Kinyozi alirukia kiti cha kunyolea, kikazunguka naye, akajinyoosha kwa tumbo juu ya maji, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti, na kwa ncha ya mpini wa mwavuli wa mteja fulani akaigonga swichi. Pampu ikanyamaza. Maji yakafika kwenye soketi yakakuta imekufa.

Ndani ya tangi maji yalikuwa yamepungua kiganja kizima, na samaki wawili walikuwa wamejibana pembeni, karibu na tumbawe lililofumba.

Kinyozi akashuka kwenye kiti. Akaokota kifuniko. Akakusanya chembe kwa sahani ya kunyolea, akazisuuza kwa maji yaliyobaki kwenye mtungi, yote, akairudisha sponji, akazungusha utepe, akakaza kwa mikono yake mwenyewe. Presha alisogea kusaidia, akaangaliwa, akarudi nyuma. Wakapangusa sakafu hadi ikakauka. Kinyozi akawasha, akafungua koki nusu ya nusu, akapiga magoti mbele ya bomba lile kama mtu anayesikiliza moyo wa mgonjwa.

Chembe zikainuka. Zikacheza. Hazikuchemka.

— Inafanya kazi, alinong'ona.

— Nilisema mimi, alisema Presha.

Walitoka nje kukaa, wakakuta kwenye ncha ya benchi lao mwanamke mgeni amekaa, mkoba wa ngozi mapajani.

— Habari zenu. Naomba kahawa.

— Imekwisha, mwanangu, alisema Shangazi. Maji yake yameoshea kutu.

Mwanamke alitaka kujua kutu gani, na kosa lake likawa hilo, kwa sababu benchi lilimweleza. Breki alimweleza taa, upepo, chupa ya kinyozi wa kona. Katibu alimweleza nadharia mpya, iliyomjia wakati wa mafuriko: kwamba idara ya afya yenyewe ndiyo inayoyachafua maji ya watu ili ipate cha kukagua. Mwanamke alisikiliza kwa adabu zote. Kisha akafungua mkoba, akatoa kitambulisho cha idara ya afya, akakivaa shingoni.

Katibu akainuka. Mazoea.

— Mheshimiwa, alisema Kinyozi, kuna hatua zimechukuliwa. Mtambo umeanza leo. Naomba siku chache tu. Maji haya ni ya binti yangu.

Afisa akainama dirishani. Akautazama mtambo, chembe zinavyozunguka. Akatazama tumbawe kwa muda mrefu. Samaki wakatoka pembeni, wakamjia mbio kwenye kioo, midomo wazi.

— Hawa wananijua? aliuliza.

— Wanamjua kila mtu! alisema Breki kwa fahari, na kwa furaha ya jambo kwenda vizuri akapenyeza mkono dirishani, mkono uliokwenda wenyewe kama mkono wa mtu anayezima taa ya chumbani kwake, na vumbi la biskuti likashuka juu ya maji.

Afisa aliutazama ule mkono. Halafu akauliza, bila ukali wowote:

— Leo wamekula mara ngapi?

Kinyozi akafungua mdomo aseme mara moja. Akageuka kulitazama benchi. Breki alikuwa anaficha pakiti mfukoni. Shangazi alikuwa anakung'uta makombo ya mkate kwenye sinia yake, kwa bidii ambayo sinia haikuihitaji. Presha alikuwa ameona kitu cha maana sana kwenye viatu vyake. Katibu alikuwa anafuta miwani iliyokwisha kauka.

Hawa watu walikuwa na jibu la kila swali lililowahi kuulizwa duniani. Kahawa haikuwepo ya kufichia uso.

— Nilidhani umesahau kuwalisha, alisema Shangazi mwishowe, chini chini. Walikuwa wananiangalia.

— Hata mimi, alisema Presha.

— Sheria inasema chanzo cha uchafu kiondolewe mara moja, alisema afisa.

— Tangi? Kinyozi alishika ukuta.

— Tangi halina mikono, baba. Benchi.

— Mheshimiwa, Katibu alijikohoza, kifungu hicho hakiwezi kutafsiriwa...

— Unakijua?

Katibu alikijua. Alikuwa amekipiga chapa mwenyewe.

— "Kitakachoondolewa ni chanzo, wala si chombo," alisema polepole, na akakaa. Kisha akakumbuka amekalia nini, akasimama tena.

Wote wakamtazama Kinyozi. Neno moja lake, nao wangebishana na idara ile hadi jioni. Alisikiliza pampu inavyoguna taratibu ndani. Halafu akavua koti jeupe, akalitundika mlangoni, akainama kwenye ncha ya ubao.

— Presha, shika upande ule, alisema. Taratibu.

Wakaliinua benchi na kuvuka nalo barabara. Samaki wakawafuata hadi mwisho wa kioo, wakasimama pale, midomo ikifunguka na kufumba.