Ukucha wa Bwana Shamba Kalisti

Bwana Kalisti Mwanisawa, bwana shamba wetu, anastaafu tarehe 30 Juni 1997, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Wengine watasifu vyeti vyake. Mimi Otilia, niliyelima naye shamba la mfano tangu siku ya kwanza, nasema ya shambani. Na niseme mapema: nina hofu.

Alikuja kijana, viatu vinang'aa, akatukuta tunafukia nyasi kwenye ntumba, yale matuta yetu ya mviringo, zioze ziushibishe udongo. Akacheka. Akataka mistari na mbolea ya chumvichumvi. Tukatii, mahindi yakanenepa. Kisha ruzuku ikaondolewa, biashara ikawa huria, na mfuko wa mbolea pale dukani Majengo ukawa wa kutazamwa tu, kama mbuzi wa jirani. Udongo ulikuwa umeshazoea kulishwa. Mvua ikichelewa siku kumi, mahindi yanajikunja.

Mwingine angejificha ofisini. Kalisti alirudi, akavua kofia: "Mama zangu, nifundisheni ntumba." Mtu msomi! Nikampa jembe. Akaongeza samadi ya ng'ombe wa Yonas, Msukuma aliyehamia jirani, na mwaka jana akaleta pakiti sita za unga mweusi kama masizi. Ni vijidudu vya udongo, alisema, vya kupaka mbegu za maharage. Vinakaa kwenye mizizi na kuulisha mmea. Viko hai, tuvitunze.

Mbegu za kikundi chetu cha wanawake natunza mimi. Pakiti tano nikazitundika pamoja na mbegu juu ya jiko, kwenye moshi, wadudu wasizile. Alipoziona alishika kichwa.

"Bibi Otilia! Umewabanika kama samaki, kama migebuka ya Kipili!"

Leo watu wanacheka. Siku ile hakucheka mtu. Ilibaki pakiti moja aliyoiweka yeye, na wanawake kumi na wanne walikuwa wametoa mbegu yao ya mwisho.

Tulipaka mbegu unga wa pakiti ile kivulini, kwa uji mwepesi wa kuugandisha, tukapanda saa ile ile. Mvua ikakatika wiki tano. Maharage yangekufa, tungeshuka bondeni Muze kuomba vibarua, watoto mgongoni. Kila asubuhi Kalisti aling'oa shina moja, akapasua kinundu cha mzizi kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu, vijidudu vinaishi. Kikiwa kijani, tumekwisha. Tulisimama nyuma yake kama watu wanaosubiri daktari atoke wodini. Chekundu. Kesho yake, chekundu. Wiki ya nne, kijani. Albina, mwenzetu wa kikundi, akakaa chini akalia. Kalisti akazamisha mkono kwenye tuta mpaka kiwiko, akatoa konzi ya udongo. Ulikuwa na unyevu. Akang'oa shina la pili, akapasua kinundu. Chekundu.

Tulivuna magunia mawili na debe. Muze hatukushuka.

Sasa anaondoka, na ofisini wanasema nafasi yake haijazwi. Mbegu nimeiweka chumbani, mbali na moshi. Pakiti ataleta nani? Na kinundu nikipasua mimi, macho haya hayana hakika ni chekundu au kijani.

Kalisti mwanangu, asante. Mungu akupe afya, na ntumba zako zishibe nyasi. Pumzika, ila mlango usiutie komeo. Mvua ikikatika tena utasikia hodi. Ni mimi, na shina la maharage mkononi. Usiniulize habari za nyumbani. Toa ukucha.