Mzee Baltazari Lyamba (1957–2025), Aliyeupima Mto Lukima

Marehemu Baltazari Lyamba alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, Kasokola, mtoto wa tatu wa Mzee Silvesta na Mama Mariana. Alisoma hapohapo hadi darasa la saba, mwaka 1972. Hakuendelea, ila hesabu zilimkaa kichwani, na mwandiko wake hata walimu waliutamani.

Tarehe 2 Julai 1983 aliajiriwa kusoma ubao wa kipimo uliosimikwa katika mto Lukima, pale unaposhuka kutoka milimani. Saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, kila siku kwa miaka thelathini na saba, aliandika kimo cha maji kwenye daftari.

Alifunga ndoa na Dorotea tarehe 19 Aprili 1986. Ilipofika saa kumi, bwana harusi hakuonekana. Alirudi suruali imelowa hadi magotini. "Mke mkubwa ni ule mto, mimi ni mdogo," Mama Dorotea husema mpaka leo.

Februari 1998 maji yaliumeza ubao wote, ambao uliishia mita tatu. Mzee alipigilia msumari kwenye mti wa ukingoni, pale maji yalipofika. Yalipopungua akapima kwa utepe: mita nne na sentimita sitini. Akaandika.

Mwaka 2020 walikuja wataalamu na kompyuta kutengeneza modeli, yaani hesabu ya kuonyesha mvua ikinyesha milimani, maji kiasi gani yatashuka. Walitegemea madaftari ya Mzee. Namba ya 1998 haikukaa vizuri kwenye mchoro wao, basi mkuu wao, Bwana Jonas, akaifuta na kuandika pembeni: kosa la msomaji. Hakumuuliza aliyepima. Msumari upo mtini hadi leo, hakwenda hata kuutazama. Daraja la Lukima likajengwa kwa hesabu hiyo, na Machi 2024 mto ukalibeba. Ripoti yao ikasema mafuriko ya namna ile hayajawahi kuandikwa popote.

"Niliyaandika mimi," Mzee alimwambia Jonas pale ukingoni. "Nyie ndio mmeyafuta."

Inauma, na hatutaficha. Jumanne tarehe 6 Mei 2025 shinikizo la damu lilimzidi. Kwa kukosa daraja, bajaji ililazimika kuzunguka zaidi ya saa mbili kumpeleka hospitali Mpanda. Alifia njiani, wakiwa wameshafika Nsemulwa, karibu kabisa na hospitali.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa.

Sasa wataalamu wamerudi kuchora daraja jipya kwa modeli ileile. Bwana Jonas yupo hapa makaburini, na aliomba kusoma rambirambi za ofisi yake. Familia imekataa hotuba. Badala yake, kabla udongo haujatupwa, atatamka mbele ya marehemu ile namba aliyoifuta, kisha atakaa chini. Jumatatu ataiandika upya kwenye kompyuta, Felista, binti wa marehemu, akiwa ameketi kando yake.

Mzee Lyamba apumzike kwa amani. Alipima sawasawa.