Tuachieni Piano ya Ukumbini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Ndugu Mkurugenzi wa Kituo. Ndugu wajumbe wa kamati, mliokaa kwenye viti vyenye mito. Mwalimu wetu, tunayekuaga leo. Wazazi wetu mliofika kwa kushikwa mkono na kwa fimbo. Na ninyi wenzangu wa darasa la piano la watu wazima, wenye mvi, wenye miwani, wenye magoti yanayolia mkiinuka: habari za mchana.

Mimi ni fundi bomba. Wengi wenu mnanijua kwa masinki yenu kuliko kwa jina langu, na sioni vibaya. Nimetumwa na darasa kumshukuru Mwalimu, anayestaafu baada ya kufundisha hapa miaka ishirini na sita. Juzi ofisi iliniletea hotuba ya kusoma. Imepigwa chapa vizuri, kurasa mbili, na humo Mkurugenzi ametajwa mara saba na Mwalimu mara mbili. Nimeikunja, iko mfukoni, na itabaki humo humo. Nina hasira, Mheshimiwa, na mtu mwenye hasira akisoma maneno aliyoandikiwa na mwenzake hujikwaa njiani.

Wageni wetu hawajui tulikotoka, basi nianzie hapo. Darasa letu lilianza miaka minne iliyopita katika chumba kilichokuwa stoo, kinachopakana na ofisi ya Mkurugenzi. Tulipewa piano nane za umeme. Sizitukani piano za umeme, maana hata nyumbani ninayo moja, na ndiyo iliyonifikisha hapa. Haihitaji fundi wa kukaza nyuzi, hainuni mvua ikinyesha, na ukivaa hedifoni jirani hajui kama upo. Wiki ya kwanza mke wangu aliniambia, "Baba, wewe huko masikioni unasikia muziki. Mimi huku nasikia kuku anadonoa sahani." Nikamwomba avumilie kidogo. Huu ni mwaka wa nne, na bado anavumilia.

Hapa kituoni hedifoni nzima zilikuwa mbili, na sisi tulikuwa kumi na mmoja. Sauti zikapenya ukutani. Mkurugenzi akachukua utepe mweusi, ule wa mafundi umeme, akabandika kile kidude cha kuongezea sauti kwenye alama ya chini kabisa, na juu ya utepe akaandika ISIGUSWE. Alifanya hivyo kwa piano zote nane. Watu wametoka kazini, wamechoka, wanapiga huku wametega sikio kama mimi ninavyotafuta bomba linalovuja ndani ya ukuta. Ukitaka kujisikia, utafanya nini? Utagonga. Karani akagonga, mwokaji mikate akagonga, na mimi nikagonga kama natoa bomba lenye kutu. Kwa miaka mitatu mikono yetu ilifundishwa kwamba nota haiji mpaka uizabe kibao. Mwalimu aliandika barua kwamba tunaharibiwa mikono. Nakala nimeziona, ni barua tisa, na hakujibiwa hata moja.

Mwaka jana, siku ya maonyesho ya kituo, ikaamuliwa darasa letu lipige piano ya nyuzi, hii hapa nyuma yangu. Wakati ule ilikuwa imefunikwa kitambaa cha lasi na kuwekewa chombo cha maua juu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuigusa. Wa kwanza kuitwa alikuwa Mama Pasi.

Kwa wasiomjua, Mama Pasi ni dobi. Mashuka ya hoteli na makoti ya madaktari yanapita mikononi mwake tangu alfajiri, na mikono hiyo ina alama za kuungua ambazo mtu angeweza kuzihesabu. Mama yake mzazi, Bibi yetu, ana miaka themanini na moja, na masikio yake yamekwisha. Mlango ukibamizwa husikia, basi. Mama Pasi hakujiunga na darasa ili apate cheti. Alitaka mama yake amsikie akipiga wimbo mmoja, kabla hawajaachana. Alituambia hivyo siku ya kwanza. Siku ya maonyesho alimketisha mama yake safu ya mbele, kiti cha katikati.

Akakaa kwenye piano. Kwanza akapapasa ubavuni akitafuta swichi ya kuiwashia. Watu wakacheka. Akatafuta kile kidude cha sauti, hakukiona, wakacheka zaidi. Halafu akapiga kama utepe ulivyomfundisha. Ndugu zangu, piano ya nyuzi haina alama ya chini wala ya juu, hukurudishia kile ulichoipa. Ikanguruma hadi mlangoni. Akashtuka, akalegeza vidole, na sasa nota zikawa hazitoki kabisa, maana ukibonyeza kwa woga ile nyundo ya ndani haifiki kwenye waya. Ikawa mngurumo, kimya, mngurumo, kimya, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nilikuwa safu ya tatu, na nilicheka. Nalisema hili mbele ya Mama Pasi na mbele ya mke wangu, maana katika hasira niliyokuja nayo leo, fungu langu ninalo.

Mkurugenzi hakumwacha amalize. Alipanda jukwaani, akafunga kifuniko, na Mama Pasi aliwahi tu kuondoa vidole. Akachukua kipaza sauti akasema, "Samaki mkunje angali mbichi. Hawa wenzetu wamekwisha kukauka, tusije tukavunjiwa chombo." Watu wakapiga makofi. Na Bibi, ambaye hakusikia neno, naye akapiga makofi akidhani mwanawe anapongezwa.

Nauliza, Mheshimiwa, na sitaki kujibiwa na wapambe: samaki huyo alikaushwa na nani? Wahenga hao hao waliosema habari ya samaki ndio waliosema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mikono pia ni hivyo hivyo. Unamfunga mtu miguu miaka mitatu, halafu siku unayomfungua unamcheka kwa kuchechemea? Na pale langoni, kwa rangi ya bluu, mmeandika ELIMU HAINA MWISHO. Mbona yetu mmeiwekea mwisho, tena kwenye mlango wa stoo?

Mama Pasi akaacha kuja. Mwalimu naye hakuandika barua ya kumi. Alikwenda ofisini kwa Mkurugenzi na mfuko wake wa nyuzi za kufuma, akakaa kwenye kiti cha wageni, akafuma. Alifuma kutwa nzima, akarudi kesho yake akafuma tena, kila mgeni anayeingia anamkuta na kumwuliza, "Mwalimu, kulikoni?" naye anaeleza kwa utaratibu, tangu mwanzo. Siku ya tatu akapewa ukumbi, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Sweta lenyewe nimelivaa leo, na joto hili mnaliona.

Siku ile ile alimfuata Mama Pasi kazini. Hakutaja piano. Alishika ncha za mashuka wakakunja pamoja mpaka rundo likaisha, na alipokuwa anaondoka akasema, "Alhamisi uje na mama."

Tukaanza upya, na msidhani tulibembelezwa. Mwezi mzima hatukupiga wimbo. Kila mtu alikaa akabonyeza kitufe kimoja polepole mpaka kishuke bila kutoa sauti, halafu akatafuta pale sauti inapoanzia. "Tena," anasema Mwalimu. "Umeigonga. Nani kakwambia uigonge? Ipeleke." Mimi mwenye miaka hamsini na mitatu, ninayefungua nati zilizoganda kwa kutu, nilitokwa jasho kwa kubonyeza kitu ambacho paka angekibonyeza. Nikamwambia, "Mwalimu, nirudishe kwenye ya umeme. Ile ilikuwa inanisamehe." Akanijibu, "Ndiyo maana hukujifunza." Sikumsemesha wiki nzima. Alikuwa amesema kweli, na kweli ya namna hiyo inauma.

Hiyo Alhamisi ya kwanza Bibi aliletwa. Mwalimu alimweka kwenye kiti kando ya piano, akamshika mkono, akaulaza ubavuni mwa piano, kiganja kwenye mbao. Mama Pasi akapiga nota za chini, moja moja. Bibi akatulia. Akafumba macho. Halafu akasema kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia, "Kumbe ndivyo unavyopiga. Rudia hapo pazito." Mama Pasi akarudia hapo pazito, analia, anarudia. Mwokaji wetu alitoka nje akisema anakwenda kuangalia baiskeli yake, na baiskeli hana.

Tangu siku hiyo, miezi kumi sasa, Bibi hajakosa hata mara moja. Hukaa pale pale, mkono kwenye mbao, na binti yake akiharakisha humkaripia mbele yetu sote. Ule wimbo Mama Pasi ameujua, ameukamilisha mwezi uliopita, na sasa Bibi anadai wa pili. Nimekwenda nyumbani nikajaribu kuweka kiganja kwenye piano yangu ya umeme huku mke wangu akibonyeza. Nilihisi plastiki.

Sasa nije kwa kilichonikasirisha. Jumatano hii, siku tatu kabla ya sherehe, limebandikwa tangazo ubaoni. Linasema kuanzia Jumatatu, kwa kuwa Mwalimu anastaafu, darasa la watu wazima litarejea katika chumba chake cha awali, na piano ya ukumbi itafungwa ili kulinda chombo, itafunguliwa kwa shughuli maalumu. Linasema pia kwamba kila mwanafunzi atapewa hedifoni mpya. Katika hii hotuba iliyo mfukoni mwangu kuna aya nzima ya kushukuru kwa hizo hedifoni. Huku ni kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Bibi naye mtamvalisha hedifoni?

Mnasema mnalinda chombo. Fundi wa piano alipokuja mwezi uliopita, mimi ndiye niliyemshikia tochi, na fundi kwa fundi hatudanganyani. Nilimwuliza nani ameiumiza piano hii. Akafungua akanionyesha nyundo: vile vitambaa vyake vizito vimeliwa na nondo, na akasema ni kwa ile miaka iliyokaa imefunikwa bila kupigwa. Akasema miezi hii ya kupigwa imeifaa kuliko miaka yote ile. Kisha akanionyesha doa la duara hapa juu, mbao imefura. Mheshimiwa, ukipenda inuka uje ulitazame. Ni la maji ya chombo cha maua, na maua yale hayakuwekwa na dobi wala na fundi bomba.

Mwalimu wangu, jana ulinipigia simu. Ulisema, "Fundi, nakujua ulimi wako. Siku yangu usiiharibu." Nikakuahidi, na sasa nimekuvunjia ahadi mbele ya watu mia mbili, nisamehe. Lakini ulitufundisha kwamba kitufe ukikibonyeza nusu, kwa woga, hakisemi, na mimi nimekuwa nikibonyeza nusu tangu siku ile niliyocheka. Kamati imekununulia saa ya ukutani, nzuri, ina mlio. Sisi wanafunzi wako tulijadiliana tukupe nini tukashindwa, maana ulichotupa hakiuzwi dukani. Ulituingiza ukumbini tumekwisha kuharibiwa, watu wazima wenye aibu zetu, wengine wazee kuliko wewe, ukatuketisha mmoja mmoja ukatufungua vidole. Hukutusifu bure hata siku moja. Nani kati yetu anaweza kukaa hapa ale keki yako, akupigie makofi mchana huu, halafu Jumatatu aingie stoo kimya kimya avae hedifoni?

Nazishukuru familia zetu kwa uvumilivu, hasa waliosikiliza kuku akidonoa sahani. Nakushukuru, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako na kuja, na kwa kutotazama saa ingawa nimezidisha muda. Nawashukuru wenzangu kumi walionituma. Karatasi ya ombi letu waliyotia sahihi iko mezani pako, Mheshimiwa, chini ya bilauri, na sahihi ya kwanza ni ya Mama Pasi. Namshukuru na Bibi pale mbele. Naona anamvuta binti yake mkono anamwuliza huyu mtu anasema nini kwa uso ule. Mwambie, dada yangu, kwamba nauliza swali na bado sijajibiwa.

Ndugu Mkurugenzi, kipaza sauti hiki hapa. Sitaki uniambie habari za bajeti, wala za kamati itakayokaa, wala za samaki. Jumanne saa kumi na moja jioni Bibi ataletwa hapa na fimbo yake kama anavyoletwa siku zote, atakaa kwenye kiti chake na kunyoosha mkono. Piano itakuwa wazi, au itakuwa imefungwa? Mmenisikiliza kwa subira, jamaa zangu, na ninawashukuru. Sasa tumsikilize yeye.