Filamu ya Bibi Iliyopoteza Sauti

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama wa Magamba, mnivumilie nikikwama. Kidonda hiki bado kibichi.

Mnakumbuka nilivyokuwa nikimrekodi bibi yangu akifinyanga vyungu. Wanaume hawasogei panapofinyangwa, kwa hiyo kamera niliibeba mwenyewe. Bibi alisema Kishambaa tu, mara akiukaripia udongo, mara akiubembeleza kama mtoto.

Nikapeleka kazi yangu kuomba msaada wa serikali kwa filamu. Ofisa aliitazama yote.

"Dada, nzuri sana. Ila hiki kilugha nani atakielewa? Mwekee Kiswahili, kisha uje."

Nikampata dada mmoja wa Tanga, akamsemea Bibi kwa Kiswahili cha redioni. Nilipomwonyesha Bibi, aliniuliza, "Mwanamke huyu aliye kinywani mwangu ni nani?"

Ndugu zangu, niliizima picha palepale. Nikamwahidi kumrudishia sauti yake. Kabla sijaanza, umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukaunguza kompyuta yenye sauti yake halisi, na nakala nyingine ya sauti hiyo sikuwa nayo. Mwezi huohuo Bibi akafariki. Na ule msaada? Niliambiwa fungu limekwisha.

Nikabaki na ile nakala ya Kiswahili: uso wa Bibi na sauti ya mtu asiyemjua. Chakula kikanishinda. Hapa kanisani mliniona? Hamkuniona. Kamera niliifunga kwenye gunia, nikawa natafuta korongo la kuitupa.

Ndipo akaja mama mmoja aliyekuwa akifinyanga na Bibi. "Utalia mpaka lini, mwanangu? Tuonyeshe hiyo picha, hata kama ni bubu."

Tukaiwasha humu ukumbini mwa kanisa, bila sauti. Bibi akakanda udongo, midomo ikacheza. Kimya. Ghafla mama yule akasema kwa Kishambaa, "Tulia wewe, mbishi kama mume wangu!"

Ukumbi mzima ukacheka. Wenzake wakadakia. Kila hatua ya chungu walijua Bibi anasema nini. Maneno hayo waliyasikia kwake tangu usichana. Nililia huku nikiwarekodi.

Sitawadanganya. Sauti ya Bibi haitarudi. Filamu sasa ina Kishambaa kwa sauti za mama hawa, na Kiswahili kimeandikwa chini ya picha; nimeituma tena, lakini mpaka leo ofisi haijajibu. Namshukuru ofisa utamaduni wetu aliyetuletea projekta. Ameahidi kwenda nami tukaombe tena.

Mwenye bibi nyumbani, amrekodi leo, kwa lugha anayotumia kusali. Asisubiri ofisi ielewe kwanza.

Nanyi mama zangu, asanteni. Bibi aliuliza ni nani aliye kinywani mwake. Leo ningemjibu: ni hawa, Bibi, uliofinyanga nao.